Mbu Sita Niliowaandikia Kihoto

Aibu hii nimeibeba tangu mvua ndefu zilizopita, na naisimulia leo kwa sababu tu Mama Awino, muuza samaki wetu, ameshaisimulia kwa kila mteja wake, tena na chumvi juu.

Mimi ni fundi wa pampu hapa Kihoto, Naivasha, na mambo ya mbu nimejifunza mwenyewe kwa vitabu vya kuazima (mke wangu husema ningejifunza kupika tungekuwa mbali). Kwa hiyo daktari mmoja wa utafiti alipotaka mtu wa kumkusanyia mbu wa malaria mtaani, akanichagua mimi, nami kila alfajiri nikapita nyumba kwa nyumba nikiwanyonya ukutani kwa mrija wenye wavu, kila mmoja kwenye kichupa chake, na lebo: siku, nyumba, ukuta. Alitaka kulinganisha vinasaba vyao na vya mbu wa magharibi, upande wa Kisumu, maana mbu wa huku na wa kule si ndugu wa karibu kama tunavyodhani.

Siku ya kukabidhi, vichupa sita vilikuwa vitupu. Kabatini nilikuwa na mbu wangu sita, niliowashika kwenye matanga ya mjomba karibu na Kisumu, kwa kujisomea tu. Nikajiambia sita hawataonekana kati ya wengi hivyo, nikawaandika "Kihoto".

Miezi ikapita, daktari akatuita kanisani kutupa majibu. "Kati ya mbu wenu, sita ni wa ukoo wa magharibi kabisa, na wana vinasaba vya kuhimili dawa ya neti. Wameletwa, na hatujui na nini."

Wale wangu wa kabatini. Lakini watu walikuwa washageuka kumtazama Mama Awino, ambaye kila Jumanne hupokea kibandani kwake kreti za samaki kutoka Kisumu.

"Kumbe hata mbu wana kwao!" mmoja akacheka.

Mwenyekiti wa mtaa hakucheka. "Mathe, hiyo kibanda ifungwe leo. Tuko na watoto."

"Mwenyekiti, samaki yangu inakuja kwa barafu! Mbu atakaa kwa barafu akifanya nini?" Alikuwa akilia, na kibanda hicho ndicho kinachomlisha.

Nikasimama. Nikaeleza yote: vichupa, matanga, kabati, lebo.

"Mzee," daktari akasema polepole, "mimi nilikusifu kwa wakubwa wangu kwa sababu ya hizo lebo." Akanyoosha mkono, nikamrudishia mrija mbele ya watu wote.

Kibanda hakikufungwa. Kesho yake nikaenda kununua samaki, kichwa chini. Mama Awino akanifungia samaki kwa gazeti, akatoa kalamu, akauliza foleni yote isikie: "Fundi, hii nikuandikie imetoka wapi?"

Bado nakusanya mbu, wa kujisomea tu. Na kichupa kikikosa mbu, naandika "hakuna", nalala usingizi.