Ufashisti na Firigisi

Mume wangu alifundisha historia ya sekondari hadi akastaafu, na mpaka leo anasahihisha watu. Anamsahihisha mhubiri, anamsahihisha msomaji wa habari, na mimi ananisahihisha hata nikiwa nimebeba sufuria ya moto. Kwa hiyo siku binti yetu alipomwambia mezani kwamba vuguvugu la kisiasa alilojiunga nalo ni la kifashisti, nilijua chakula kitapoa.

Ilikuwa Jumapili, hapa kwetu Dagoretti, Nairobi. Mwalimu, ndivyo ninavyomwita, alikuwa ametoka kwenye mkutano mjini na kofia mpya yenye uso wa kiongozi wao. Binti yetu anafanya kazi katika ofisi ya mawakili Westlands na amepanga nyumba Kilimani. Aliitazama ile kofia, akaitazama tena.

"Baba, hii kitu yenu ni ufashisti, straight."

Mwalimu akaweka kijiko chini. "Nipe maana yake kwanza."

"Kiongozi hakosei. Mtu akiuliza swali anaitwa msaliti. Na kila siku ni nani mwananchi wa kweli, nani si wa kweli. Unataka kuona nini ingine?"

"Nataka kuona vyama vingine vimepigwa marufuku. Nataka kuona vijana wenye sare wakipiga watu barabarani na serikali inashangilia. Magazeti yamefungwa. Hayo ndiyo nilifundisha. Sisi tunapiga kura, tunashindwa, tunarudi nyumbani kunung'unika. Ukiita kila homa malaria, siku malaria yenyewe ikija utaiitaje?"

"So tungoje sare ndio tuongee?"

Hapo Mwalimu akaacha vitabu, akasema jambo la ovyo: kwamba nyumba ni yake na kofia ni yake. Binti akachukua mkoba akaondoka, hata matunda hajala.

Jumapili zilizofuata tulikula wawili. Kwenye kundi letu la familia la simu, kila mmoja aliitikia "Amina" nilipotuma mstari wa Biblia, lakini hakuna aliyemwandikia mwenzake neno. Nikatuma mistari ya upatanisho mfululizo. Amina, Amina. Nilikasirika hadi nikaacha kutuma. Kusema kweli, kama ufashisti upo au haupo, hilo niliwaachia wao wenye elimu. Mimi nilitaka kitu kimoja, binti yangu arudi mezani, na baba yake amkaribishe kwa mdomo wake mwenyewe, si kwa kupitia kwangu.

Kisha Mwalimu akaenda kwenye mkutano wa tawi, karibu na soko, akarudi mapema. Aliketi akivua viatu polepole, nikajua kuna jambo. Akanieleza kwamba mtu mmoja alisimama na kupendekeza maduka ya wageni yatiwe alama ya rangi mlangoni, ili wanachama wajue pa kutonunua. La kwanza kutajwa lilikuwa la mzee Mhindi anayeuza misumari na mabati, rafiki yake Mwalimu, ambaye hunywa naye chai kila mwisho wa mwezi. Ukumbi ukapiga makofi.

"Nikainua mkono," akasema. "Nikauliza, mgeni ni nani? Yule mzee alizaliwa hapa. Mimi ndiye nilikuja na basi kutoka magharibi, nikiwa na kuku kwenye kikapu."

"Wakasemaje?"

"Wakasema, Mwalimu keti chini, usitusaliti."

Nilimhurumia sana. Lakini pia moyo wangu ulifurahi, siwezi kuficha. Nikamwambia ampigie mtoto simu. Akazunguka zunguka sebuleni, akasafisha miwani ambayo haikuwa chafu, mwishowe akapiga. Nilimsikia akisema, "Njoo Jumapili. Mama atapika kuku." Halafu akaongeza, bila kusukumwa na mtu, "Ni mimi nakuita."

Nikachinja kuku wa kienyeji. Sasa, kwetu magharibi, firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba, na mwanamke haigusi. Mama yangu alinifundisha kuiweka juu kabisa ya bakuli ili mume aione, maana ikikosekana ni kesi. Nimefanya hivyo tangu niolewe, na sijawahi kuonja hata ukingo wake.

Binti alifika, akasalimu, akakaa mahali pake. Mwalimu akaomba baraka kwa kifupi, jambo lisilo la kawaida. Akaichukua firigisi, akaigeuza, kisha akaomba kisu. Akaikata katikati, nusu akaiweka kwenye sahani ya binti.

"Baba, hii si ya wanawake."

"Nani amesema?"

"Wewe."

Akacheka. Nilikuwa nimeumiss huo mcheko, nikageukia ugali ili wasinione machozi.

"Lile neno lako bado nalikataa," akamwambia. "Bado hatujafika huko. Lakini mwezi ujao nitarudi pale niinue mkono tena, na wewe endelea kulisema. Ulisemee hapa, mezani kwangu."

"Na mimi bado nalishikilia," akasema binti, mdomo umejaa mate ya hamu. Lakini kabla hajala, alikata ile nusu yake, akanipa kipande. "Mama, onja."

Wote wawili wakanitazama. Nikatafuna. Nikatafuna tena. Ilikuwa ngumu kama soli ya ndara. Miaka hii yote nimekuwa nikiitoa motoni mapema, na Mwalimu wangu, anayesahihisha dunia nzima, alikuwa akiimaliza kila mara na kunishukuru.