Matundu Kumi kwenye Karatasi ya Baba

Baba yangu alistaafu upimaji wa ardhi akiwa na mambo mawili ambayo hakuna mtu wa mtaani kwake Waithaka aliyethubutu kumbishia: mipaka ya mashamba na uzito wa risasi. Alikuwa mlenga shabaha mwenye leseni tangu nikiwa shule ya msingi. Nilipoanza kazi ya kupima dawa katika duka moja mjini, nikamfuata kwenye mchezo huo. Si mchezo wa kukimbia. Unaketi mezani, bunduki imelala juu ya mifuko ya mchanga, na unajaribu kupitisha risasi tano karibu katika tundu moja, mita mia mbili mbele.

Ugomvi wetu ulikuwa juu ya risasi yenyewe. Ya Baba ilikuwa pana, kichwa chake kina greni mia moja sitini na nane. Greni ni kipimo kidogo cha uzito; kidonge cha maumivu kina dawa ya greni nane hivi. Yangu ilikuwa ya milimita sita, greni mia moja na tano tu. Baba alisema risasi nyepesi hupeperushwa na upepo kama manyoya ya kuku. Mimi nilisema yangu ni nyembamba na ndefu, inaupasua upepo, tena haipigi bega teke, kwa hiyo mtu hashtuki anapofyatua. Tulibishana hivyo kila Jumapili mezani, hadi Mama, ambaye ni fundi cherehani na hapendi maneno yasiyo na kipimo, akatuambia twende tukapime, naye atakuja kuamua.

Jumamosi iliyofuata tukaenda uwanjani, sote watatu. Upepo ulikuwa unashuka kutoka upande wa Ngong, vitambaa vya kuuonyesha vikichezacheza. Baba na mimi tuliketi meza mbili jirani, shabaha zetu zikiwa bega kwa bega. Nilisubiri vitambaa vitulie, nikashusha pumzi, nikafyatua. Kwa umbali ule matundu hupotea ndani ya weusi wa shabaha, lakini mwili ulijua. Nilipomaliza ya tano nilikuwa natabasamu peke yangu.

Bunduki zikafunguliwa, zikakaguliwa, tukaruhusiwa kwenda mbele. Karatasi yangu ilikuwa safi, hata mkwaruzo hakuna. Ya Baba ilikuwa na matundu kumi.

Baba aliyahesabu mara mbili. Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimekaza macho kwenye vitambaa, na niliporudi kwenye darubini ya bunduki nikatua kwenye shabaha ya Baba.

Mama hakujali. Alivua tepu yake shingoni, akatoa chaki ya cherehani, akazungushia matundu makubwa mstari mmoja na madogo mstari wa pili. Makubwa yalienea sentimita tano. Madogo yalikaa ndani ya mbili na nusu.

"Za mtoto zimekaa pamoja," akasema. "Zako zimetawanyika."

Baba huniita Mami, kwa kuwa nina jina la mama yake. Akaniwekea mkono begani. "Mami, umepiga vizuri sana," akasema. "Lakini umepiga kwangu."

Kwa sheria za mchezo nilikuwa na sufuri, na yeye ndiye mshindi. Tulicheka hadi akaegemea mti wa shabaha. Lakini tulipokuwa tukirudi, kabla hajanishusha nyumbani kwangu Mountain View, akaniuliza kwa sauti ya chini kama risasi ile ndogo hupatikana kwa uzito mwingine pia, na kama ni kweli bega halisikii teke. Miezi michache baadaye, baada ya kumaliza makaratasi yote ya leseni, alikuwa na bunduki ya milimita sita.

Karatasi ile Mama aliitia fremu, akaitundika sebuleni. Wageni wakiuliza, Baba huwaonyesha matundu makubwa na kueleza yalivyopatikana. Wakiuliza kuhusu madogo, anasema hayo ni ya mgeni aliyepotea njia.