Tawi Juu ya Njia ya Kwetu

Kwa! Kwa! Kwa! Lilikuwa bati la jirani. Waporaji walikuwa wameling'oa nusu, na kila upepo ulipopita lilijipigapiga. Risasi zilikuwa zimenyamaza tangu asubuhi, na Bunia nzima bati lile peke yake ndilo lililoongea. Hata leo nikisikia bati, miguu yangu inataka kukimbia.

Nisiseme uongo, siku ile nilifurahi kidogo. Nilikuwa na kitabu kimoja cha Kifaransa kisicho na jalada: dunia imekwisha, watu wazima hawapo, watoto wawili wanapita katika miji mitupu wakimtafuta mama yao. Nilikuwa nimefika darasa la tano tu, basi nusu ya maneno niliyabuni nikimsimulia mudogo wangu. Sasa nje palikuwa kitabu chenyewe: barabara tupu, kiatu kimoja, mbuzi amelala ndani ya duka kama mwenye duka.

"Ni siye sasa, yaya?" mudogo wangu akaniuliza, mimi mkubwa wake.

"Ni siye. Funga kitenge, tunaenda."

Mama alikuwa Ariwara, amekwenda kununua sabuni za kuuza, na njia ikafungwa akiwa huko. Mama mudogo, aliyebaki nasi, akasema tukimbilie kambini, karibu na uwanja wa ndege. Hapo furaha ikanitoka. Mama akirudi kwetu, mtaa wa Shari, akute nyumba tupu, atatutafuta wapi? Atasema tumekufa.

Watoto wa kitabu waliandika ukutani kwa makala. Nikaokota kipande cha makaa jikoni, nikaanza kuandika jina letu. Mama mudogo akanikamata mkono, akaufuta ukuta kwa kitenge chake.

"Weye iko na akili kweli? Wakisoma jina hili, wanajua siye ni watu gani. Watachoma nyumba!"

"Na mama atajuaje?"

"Mungu atamwambia. Beba sufuria."

Mungu naye siku zile alikuwa na kazi nyingi.

Kambini, chini ya bashi, turubai tuliyopewa, mudogo wangu akakataa bugali. "Kwanza uniambie. Mama yao aliwaona?"

Kurasa za mwisho hazikuwepo. Mama mwenyewe alizing'oa zamani, akampa muuza karanga azitumie kufungia. Ningebuni, hiyo ndiyo kazi yangu. Lakini mutoto alinikazia macho, nikamwambia ale kwanza.

Usiku kucha nikageukageuka. Nikakumbuka Djugu, kabla hatujahamia mjini. Mama alitangulia shambani alfajiri, sisi tukafuata. Njia ikigawanyika, alilaza tawi bichi juu ya ile ambayo hakuipita. Maana yake: huku hakuna mtu, fuata nyingine. Tawi halina jina wala kabila.

Asubuhi nikachukua bido la maji, nikasema naenda kuchota. Nikatembea mbio mbio hadi njiapanda ya Shari, pale njia moja inaingia kwetu na nyingine inakwenda uwanja wa ndege, kambini. Bati bado lilikuwa linapiga. Nikavunja tawi la mkaratusi, nikalilaza juu ya njia ya kwetu, nikalikandamiza kwa jiwe. Halafu nikapasua pindo la kitenge nilichovaa, kilichokatwa kutoka kitambaa kimoja na kile alichosafiri nacho mama, nikalifunga kwenye shina la tawi, mafundo mawili.