Mwajiri alipe rejesho, mfuko wa kahawa usamehe salio: nilivyomaliza mkopo wa chuo nikiwa Chiwanda

Wakuu, habari za mihangaiko. Wakubwa wote shikamooni. Haya yamenitokea mwenyewe, chumvi sijaongeza. Anayetaka kubisha abishe, ila asome kwanza.

Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Mbuji, milimani Mbinga. Nilisomeshwa kwa mkopo wa mfuko wa wakulima wa kahawa wa kwetu. Kila mkulima anakatwa kidogo kwenye mauzo yake, hela inasomesha vijana, mmoja kila nyumba.

Masharti: ukimaliza chuo, hudumia wananchi kwenye kituo cha serikali au cha kanisa humu humu mkoani. Kila msimu lipa rejesho dogo. Ikitimia misimu mitano, salio lote linasamehewa. Ukiruka hata msimu mmoja, imekula kwako.

Nikapata kazi zahanati moja ya misheni kule Chiwanda, ziwani. Watumishi wengi wanapakimbia, kwa hiyo mwajiri ana motisha: anakusaidia kulipa mkopo wa masomo.

Mganga mfawidhi, mtu mwema sana yule, akaniambia, "Eda, tukulipie fungu kubwa kwa mkupuo, upumue."

Nikapiga hesabu. Fungu kubwa likiingia leo, salio linashuka, halafu mfuko uje kusamehe nini? Makombo!

Nikampigia katibu wa mfuko. Akasema wao wanaangalia rejesho limeingia kwa wakati, hawaulizi nani kalipa. Basi nikamwomba mganga agawe fungu lile lile, alipe rejesho la kila msimu tu. Akacheka, akakubali. Mshahara wangu ukabaki salama.

Kasheshe ikaanzia nyumbani.

Kwetu kahawa ikishauzwa, madeni yanalipwa msimu huo huo. Ukiuza kahawa na bado unadaiwa, utasemwa mpaka kilabuni. Na baba yangu ndiye bingwa wa hiyo sheria.

Msimu wa tatu bei ikawa nzuri. Mdogo wangu Frida akanipigia simu analia. Baba anataka kuipeleka hela yote ya kahawa kumaliza deni langu, na hela hiyo ndiyo ilikuwa ada yake ya chuo.

Niliomba ruhusa, nikafunga usipa mkavu wa kutosha, vile visamaki vya ziwani, nikapanda milima. Baba nilimkuta kwenye sengu, pale wanaume wa ukoo wanapokula pamoja na kuamua mambo yao. Nikaamkia wote, nikaruhusiwa kusema. Nikaeleza weee mpaka mate yakakauka.

Baba akanitazama. "Kusamehewa ni kwa aliyekosa. Wewe umemkosea nani?"

Wakuu, nilijiandaa kwa hesabu, si kwa swali lile.

Aliyeniokoa ni mama. Alikuwa analeta ugali. Akautua, akasema, "Baba Eda, miaka yote unakatwa kwenye kahawa yako. Ulikuwa unatafuta hela, au ulikuwa unatafuta nesi?"

Baba mdogo akanyoosha mikono anawishwe. "Nesi tunaye," akasema. "Tuleni."

Frida akaenda chuo kwa hela ile ya kahawa. Mimi nikarudi ziwani kuzalisha wake wa wavuvi, rejesho likiingia kila msimu bila kukosa.

Msimu wa tano ulipofungwa, katibu akapiga: salio limefutwa lote! Nilipiga vigelegele mle zahanati hadi mganga akatoka mbio, akidhani kuna mama kapata mapacha. Sijawahi kufurahi vile.

Somo langu kwenu: kabla hujakimbilia kumaliza deni, soma mkataba wako. Kama kuna msamaha mbele, mwajiri akikupa msaada muombe aufuatishe na rejesho, msiumalize kwa siku moja. Na usiruke rejesho kamwe. Haraka haraka haina baraka, wahenga walishasema.

Na baba? Nilimpigia, akauliza kitu kimoja tu: "Kwa hiyo hudaiwi?" Nikamwambia sidaiwi.

Jumapili baada ya misa akasimama nje ya kanisa, akawatangazia watu, "Binti yangu kamaliza kulipa." Neno kusamehewa hakuligusa kabisa. Mama aliponisimulia nilicheka, kisha nikalia. Maana ni kweli, wakuu. Nimelipa.

Wenye mikopo na waajiri wenye motisha, nyie mmefanyaje? Uwanja ni wenu, hata wa kunikosoa karibuni.