Karatasi ya Pipi Kifua

Mwalimu wa kwaya aliirudisha wokmani yangu ikiwa imefungwa kwenye leso, akaiweka mezani kwa mikono miwili kama mtu anayeleta rambirambi.

"Pole, binti," alisema. "Imezimika yenyewe. Hili vumbi la Dodoma haliwezani na vitu kama hivi."

Kisha akakaa, akanywa chai ya mama yangu na maandazi juu. Nataka hayo maandazi yakumbukwe.

Nilibonyeza plei. Kimya. Nikajaribu kufungua kimlango cha kaseti, kikagoma. Nyuma ya kidirisha cha plastiki niliiona kaseti yangu imenasa. Wokmani yenyewe ilikuwa mtumba, ikifa ningeilia siku mbili nikaisahau. Kaseti ndiyo niliyoihofia. Humo ndani mlikuwa na sauti ya bibi yangu wa Haneti, na bibi alikuwa ameshazikwa, na hapakuwa na nakala nyingine.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka ya mjini yalipojaa ghafla vitu ambavyo tulizoea kuvisikia tu. Kaka yangu alikuwa utingo wa malori ya Dar, akaniletea wokmani yenye kitufe chekundu cha kurekodia. Nikaenda nayo Haneti wakati wa mavuno. Bibi alikuwa anapura uwele. Nilipomwambia kwamba mashine inasikiliza, aliisogelea akaisalimia, "Mbukwa," akasubiri iitikie. Haikuitikia. Akasema ina kiburi, lakini atakiimbia hivyo hivyo hicho kidude.

Akaimba wimbo wake wa kupuria. Mwishoni akafanya walivyofanya waimbaji wa rika lake, akajitaja. Kwa Kigogo alisema yeye ni binti wa nani, amezaliwa Haneti, wimbo huu ni wake, na atakayeuchukua na akabwe na pumba. Aliyewahi kupura uwele anazijua zile pumba zikiingia kooni. Bibi alicheka mwenyewe, na kicheko nacho kikaingia kwenye utepe. Mvua zilizofuata hakuziona.

Niliporudi nyumbani, mtaa wa Kikuyu pale Dodoma, nilivunja yale meno mawili ya plastiki yaliyo mgongoni mwa kaseti. Wote tulifanya hivyo kwa kaseti tulizozipenda. Ukishayavunja, kitufe chekundu hakishuki tena, na hakuna anayeweza kurekodi juu ya ulichonacho. Labda azibe vile vitundu kwa makusudi.

Mwalimu wa kwaya alikuwa mtumishi wa ofisi, aliyehamishiwa Dodoma kama wengi wa wakati ule. Alikuwa na sauti nzito, nzuri, hilo simnyimi. Wakati wote alikuwa na pipi kifua shavuni, ya kulinda koo. Akiongea, vidole vyake vilikuwa vinafinyanga karatasi ya pipi mpaka inakuwa kijidonge, kisha anakidondosha popote. Sisi wasichana tuliofagia kanisa tulivijua vijidonge vyake vizuri.

Nilimpenda kama tulivyompenda wote. Ndiyo maana nilimpelekea kaseti pamoja na wokmani. Nilifikiri tungeweza kuupa wimbo wa bibi maneno ya kanisani, na kabla ya kuimba tungesema umetoka kwa nani. Alisikiliza mara mbili akiwa amefumba macho.

"Niachie," alisema. "Nitafute sauti zote nne."

Mwalimu akikwambia niachie, unaacha. Ndivyo tulivyolelewa.

Basi akanirudishia bubu. Wiki hiyohiyo, kwenye mazoezi, alisimama mbele yetu akatangaza kwamba Roho amemshushia wimbo alfajiri. Akauimba. Ulikuwa wimbo wa bibi yangu, kila kona yake, umevalishwa maneno ya Zaburi. Wenzangu wakapiga makofi. Akasema wimbo huo ndio utakaobeba jina la kaseti yetu, ambayo tungeirekodi Dar es Salaam, na kwenye jalada yataandikwa maneno "mtunzi: mwalimu". Mimi niliimba sauti ya pili nikiwa nimeuma meno.

Ningesema nini? Binti mdogo, mbele ya wazee wa kanisa, na kijisanduku kisichotoa sauti. Ilibidi kwanza hicho kijisanduku kiseme.

Kaka yangu alisema ni betri. Tukaziuma, tukazianika juu ya bati, mwishowe tukaweka mpya. Wapi. Mama alisema ipigwe kidogo ubavuni, kama redio ya baba. Nikaipiga. Jirani akasema hedi inayosoma utepe imechafuka, isafishwe kwa pamba na spiriti, lakini pamba ipitie wapi wakati mlango hautaki kufunguka? Nikaipeleka kwa fundi sokoni. Aliiweka sikioni, akatikisa kichwa kama daktari, akasema mota imeungua.

"Niachie," akasema.

Nilimpokonya mkononi, nadhani mpaka leo anashangaa kosa lake lilikuwa nini.

Na mwalimu naye hakuisha kuulizia. Kila mazoezi: vipi, imepona? Akasema Dar anamjua fundi mzuri, akienda ataibeba, nimwachie tu. Mtu aliyeniharibia kitu, ghafla ana huruma nacho kuliko mimi mwenyewe. Hapo nikaanza kunusa.

Mchana mmoja nilikaa mkekani nikaibandika sikioni nikabonyeza plei taratibu. Ndani kulikuwa na mlio mdogo, kama mtu anayeguna akiinua mzigo. Mlio ule nilikuwa naujua. Cherehani ya mama hulia vile uzi unapojisokota chini ya bamba: inataka kuzunguka, kuna kitu kimeishika. Kwa hiyo mota haikuungua. Ilikuwa hai na imeshikwa.

Nikachukua bisibisi ndogo ya cherehani, nikafungua skrubu moja moja na kuzipanga kwenye kisahani. Mpira haukukatika. Vumbi, kidogo tu. Lakini katikati ya meno ya gurudumu dogo la pembeni kulikuwa na kitu kimekabwa, cheupe chenye kijani. Nikakitoa kwa chupio. Kilikuwa kijidonge cha karatasi. Nikakifungua kwa kucha, na kabla sijamaliza kukikunjua harufu ya pipi kifua ilishanifika puani.

Gurudumu lilizunguka, mlango ukafunguka, kaseti ikatoka. Mgongoni, tundu moja lilikuwa wazi. Jingine lilikuwa bado limezibwa na kijidonge kama kile. Hakujua ni tundu lipi linalofungua kitufe chekundu, akaziba yote mawili.

Nikarudisha kila skrubu mahali pake, nikavaa visikilizio.

Badala ya "Mbukwa" nilisikia mtu anakohoa kusafisha koo. Akahesabu, moja, mbili. Akaanza kuimba, yeye, na Zaburi yake, juu ya bibi yangu. Aliimba ubeti mzima. Kisha likaja krrr, na bibi akaingia katikati ya neno, anaendelea kupura kana kwamba hakuna aliyemkatiza. Pale ndipo kijidonge kilipochomoka kikaingia kwenye meno ya gurudumu. Kisingechomoka, bibi asingebaki na silabi hata moja. Alitaka wimbo, na alitaka pia pasibaki wa kumwambia si wako.

Nililia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira tupu. Sikutaka aitwe kwenye kikao cha wazee, aonywe, aombewe, tushikane mikono tunywe soda. Nilitaka aumie. Nilitaka aumie mbele za watu na ajue ni mimi.

Nikamwambia wokmani imekufa kabisa, nimeitupa. Uso wake ulikunjuka palepale.

Siku chache baadaye alinivuta pembeni baada ya mazoezi, pipi ikigongagonga meno.

"Binti, yale maneno ya mwisho ya bibi yako, yale ya Kigogo, nimeyakumbuka yanavyosikika. Yana utamu. Maana yake nini?"

Namshukuru Mungu kwa uso alionipa, uso usioonyesha kitu.

"Ni ya kumtukuza Mungu tu, mwalimu. Shangwe za mavuno."

"Tukiyafanya kiitikio?"

"Watu wa huku watafurahi sana," nilisema. "Hata yarudiwe kila ubeti."

Akanishika bega akasema nina kipaji. Akaniomba niwafundishe wenzangu matamshi. Niliwafundisha, tena kwa bidii, mpaka watoto wa watumishi waliotoka kila pembe ya nchi wakayatamka kama waliozaliwa Haneti. Wagogo katika kwaya tulikuwa wachache. Hao niliwatazama tu machoni. Mmoja alijifanya kupiga chafya akatoka nje, akarudi amenawa uso. Hakuna aliyeitoa siri.

Tukaenda Dar, tukarekodi, kaseti zikaja kwenye maboksi, jalada lina picha yetu na yeye mbele amenyoosha mkono.

Siku ya uzinduzi walialikwa wageni kutoka sharika za vijijini, Mvumi, Haneti na kwingine. Walikaa chini ya turubai. Mwalimu alivaa suti, akatupatia sauti ya kuanzia, akainua mikono. Ubeti wa kwanza ulikwenda salama. Tukafika kwenye kiitikio.

Wanawake wa Haneti waliinua vichwa. Nikamwona mmoja anaziba mdomo kwa kitenge. Mwingine akamgonga jirani yake kwa kiwiko. Mzee mmoja alivua kofia akaangalia juu kama anayetafuta sauti inatokea wapi. Kisha kicheko kikapasuka, kikifuatwa na vigelegele, mstari mzima umesimama. Mwalimu aliwageukia akiwa ameng'aa. Alidhani wamebarikiwa.

"Tena!" alituambia. "Rudieni!"

Tukarudia. Kwa sauti nne alizozitafuta mwenyewe, tukaimba kwamba wimbo huu ni wa binti wa Haneti na atakayeuchukua na akabwe na pumba, na yeye anatupigia mapigo kwa mikono miwili. Mgeni rasmi, aliyekuwa Mgogo, alimwinamia mchungaji akamnong'oneza kitu, na mchungaji akaacha kutikisa kichwa kwa raha.

Wimbo ulipokwisha, bibi mmoja aliyepura uwele na bibi yangu miaka yote alikuja mpaka kwenye kipaza sauti. Tukamwamkia kwa pamoja, shikamoo bibi. Mwalimu alimshika mkono amsaidie.

"Mwalimu, ahsante," alisema bibi kwa Kiswahili chake cha shambani. "Umeimba vizuri. Ila wewe unasema wewe ni binti wa Haneti, wimbo wako. Huyo binti mimi nilimzika mwenyewe."

Turubai zima lilicheka. Wasiojua Kigogo walitafsiriwa na waliojua, na kicheko kikasambaa kutoka benchi moja hadi jingine. Mwalimu alifungua mdomo kujibu. Pipi ikampalia. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na kadiri alivyokohoa ndivyo wanawake wa Haneti walivyozidi kushika mbavu.

Nilipitia kwake wakati wa kupeana mikono ya amani. Nilikuwa nimekificha kiganjani kile kijidonge nilichokitoa kwenye tundu la kaseti. Nilimwachia mkononi mwake, nikasubiri akitazame. Alikitambua. Kilikuwa kazi ya vidole vyake.

"Ungeniambia," alisema taratibu.

"Na wewe ungeniomba, mwalimu."

Maboksi ya kaseti hayakuweza kurudishwa, nyingi zilikwisha kuuzwa asubuhi ile. Aliomba uhamisho kabla ya Pasaka. Miaka kadhaa baadaye, nje ya duka moja Mvumi, niliisikia ile kaseti ikipigwa. Nikamwomba mwenye duka aongeze sauti, nikasimama pale hadi kiitikio cha mwisho nikiwa na furaha ambayo sijawahi kuitubu.

Mama aliniambia nina roho mbaya, nimsamehe mtu wa watu. Kwa mdomo nimemsamehe mara nyingi. Lakini ubeti wa kwanza wa bibi haujarudi, na kaka yangu haukumbuki, na mimi nilikuwa nimeuachia utepe uukumbuke badala yangu.

Kaseti bado ninayo. Vitundu vyote viwili viko wazi. Kabla ya kubonyeza plei ninasema mwenyewe "Mbukwa," kwa kuwa hiyo mwalimu aliifuta. Kisha namsikiliza anavyokohoa, anavyohesabu, anavyoimba kwa ile sauti yake nzuri, na ninangoja bibi amkatize.