Nguzo Chini ya Sitaha

Harufu ya gundi ya faibaglasi hunikaba koo mpaka leo. Nikiinusa tu, narudi kwenye uwanja wa maboti, mwendo mfupi wa basi kutoka kwetu Alby, nje kidogo ya Stockholm, miaka ile ya themanini. Baba alikuwa amenunua boti kuukuu. Kwa mbali ilipendeza, lakini ukikanyaga sitaha yake ya mbele inabonyea kama godoro, kwa sababu mbao laini zilizofichwa katikati ya matabaka mawili ya faibaglasi zilikuwa zimeoza zikawa ugali mweusi. Jamani, baba yangu na boti ile! Mama alitaka turudi Tanga. Kozi iliyomleta baba Uswidi ilikwisha zamani, na baridi ilikuwa imemchosha mama hata akaacha kuimba jikoni. Ndipo baba akamwahidi mbele yangu: "Mama Zuhura, boti hii isipoingia majini mwaka huu, tunafungasha."

Basi Jumamosi zangu zote zikaliwa. Baba hakutaka kukata sitaha kwa juu, maana kiraka kingeonekana, na yeye alitaka boti ing'ae. Tukafanya kazi kwa chini, ndani kabisa ya pua ya boti, mahali pembamba ambapo yeye hakuenea na mimi, mtoto wa miaka tisa, nilienea. Alikata tabaka la chini kipande kwa kipande, nami nikalala chali nikichokonoa uozo kwa patasi, ukiniangukia machoni, puani, shingoni. Nilipachukia pale, nasema kweli. Wenzangu walikuwa uani wanaruka kamba.

Siku ya kubandika plaiwudi mpya, mimi nilizikandamiza juu, naye akazitegemeza kwa nguzo fupi za mbao, moja baada ya nyingine, akirudi nyuma kuelekea mlangoni huku anapiga mluzi. Alipokwisha kugonga ya mwisho ndipo tukatazamana katikati ya nguzo. Mimi nilikuwa upande wa ndani. "Lo!" akasema, akacheka. Mimi sikucheka. Nguzo zikitoka kabla gundi haijakauka, kazi yote inaporomoka, na winchi ya kushushia maboti majini, inayokuja mara moja tu kwa mwaka, ilikuwa inakuja wiki ileile. "Vumilia kidogo, mwanangu." Lakini baridi ilikuwa kali, gundi ikagoma kukauka, na ile kidogo ikazidi kurefuka. Kichwa kikanigonga, machozi yakanitoka, hewa ikawa nzito.

Mama akaja na chapati zetu. Nilimsikia akipanda ngazi, akimhoji baba, kisha mkono wake ukaingia kwenye tundu dogo la hewa lililokuwa sitahani, ukanishika vidole. "Zuhura, unapumua?" Nikamjibu kwa Kiswidi, lugha aliyonikataza nyumbani, kwamba siwezi. Nilitegemea atamfokea baba. Hakuwahi kufungua kinywa. Nilisikia teke la baba, kisha jingine, nguzo zikaruka, mbao zikaniangukia, na gundi yake ikanijaa nywele zote. Baba akanivuta miguu mpaka nje, akanikumbatia.

Winchi ikaja ikaondoka, boti yetu ikabaki juu ya magogo. Nikajua tunaondoka, nikaanza kuwaaga rafiki zangu. Lakini mama hakuitaja ile ahadi hata mara moja. Baba aliiuza boti, na mama mwenyewe akayarudisha juu ya kabati masanduku aliyokwisha kuyashusha. Nilipokuwa mkubwa nikamwuliza kwa nini. "Aliipiga teke ndoto yake mwenyewe kwa ajili yako," akasema. "Ningemdai nini tena?"

Sasa baba ametangulia mbele ya haki. Mimi naishi Hagsätra, hapahapa Stockholm, kwenye nyumba ambayo madirisha yake nayafungua hata theluji ikianguka, na majirani wananiona mwehu. Mama bado yuko Alby, ghorofa ileile, masanduku yaleyale juu ya kabati. Majuzi nikamwambia, mama, hakuna kinachokuzuia tena, nitakupeleka Tanga ukapumzike. Akanikata jicho. "Na wewe nikuache na nani?" Miaka yote hii nimemlaumu baba kwa kumfungia mama huku, nikailaumu na baridi. Kumbe nguzo iliyobaki ni mimi, na sijui nitajipigaje teke.