Matundu Manne ya Fundi Likwata

Huseni Likwata. Ninaanza na jina kwa makusudi.

Alikuwa kaka wa mama yangu, fundi wa mashua hapa Kilwa Kivinje, na tulimzika mwezi uliopita. Kwa miaka arobaini aliunda vyombo thelathini na kitu, na kila kimoja kiliandikwa kwa rangi jina la mwenye fedha, au la mke wa mwenye fedha. La kwake halikuwa popote. Kisha zikaja boti za faiba, kazi ikakauka, na mtoto wa jicho akaanza kumfunika macho.

Mwaka juzi Clemence, mfanyabiashara wa Dar es Salaam, alimletea gari alilolikuta kwenye ghala la mkonge karibu na Mingoyo. Lilikuwa la kabla ya Vita Kuu ya Pili, gari la wazi lenye paa la turubai la kukunja. Injini ilikuwa imeshafufuliwa mjini, lakini mifupa ya bodi ilikuwa ya mbao, na mchwa walikuwa wameimaliza.

"Lisimamishe hili, mzee, matajiri wanaokusanya magari ya kale watalipigania. Taja bei yako."

Mjomba alitaja bei ndogo hadi nikaona aibu. Kisha akasema, "Na jina langu liandikwe kwenye tangazo la kuliuzia."

"Hilo tu? Litaandikwa."

Alifanya kazi miezi saba, akipapasa kuliko kutazama. Alitafuta mbao zilizopinda zenyewe porini, kama alivyozoea kutafutia mbavu za mashua. Akaunda milango, akaunda sakafu. Na kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa kumaliza kazi, kila mwanya aliukalafati: alishindilia pamba iliyolowa mafuta mpaka usipite hata unyevu.

Wanunuzi wawili walikuja mwezi wa nne. Walilipiga picha paa likiwa wazi, kisha Clemence akawapeleka kuona majengo ya Wajerumani. Mjomba alikuwa msikitini mvua iliposhuka. Nilihangaika na lile paa, likagoma. Waliporudi, maji yalikuwa yamefika kwenye viti.

Vijana wa bodaboda walikuwa wamekusanyika. "Mzee Likwata, tweka tanga basi!"

"Leteni kopo tufue maji, nahodha anazama!"

Mjomba alifika, akainama, akapitisha kiganja chini ya sakafu yote. Akatabasamu.

"Hakuna hata tone lililotoka," akaniambia. Hakuwa anatania.

Mnunuzi mmoja alicheka mpaka akajishika tumbo. Clemence hakucheka. "Toboa sakafu, mzee. Sasa hivi."

"Nitoboe chombo? Kwa mkono wangu?"

"Ni gari, mzee! Gari!"

Damu ilinichemka. Nilimwambia mjomba aondoke, watoboe wenyewe, yeye si mtumwa wa mtu. Akanishika bega.

"Wasipolinunua, mwanangu, jina langu litaandikwa wapi?"

Akachukua kekee yake ya kuzungusha kwa upinde, akatoboa tundu kila pembe. Mara mbili alisimama, akaweka kiganja juu ya mbao kama mtu anayempoza mgonjwa. Maji yakatoka na rangi ya chai. Kekee ile hakuishika tena.

Wanunuzi wale hawakulitaka hata hivyo. Clemence akalirudisha Dar es Salaam, na miezi mingi baadaye nikaliona tangazo kwenye simu, kwa Kiingereza, na bei ambayo ingejenga zahanati. Lilisema bodi ni ya kiwandani, mbao hazijaguswa tangu 1936. Hata matundu manne ya sakafuni lilisifia: ushahidi, eti, wa umakini wa mafundi wa Ulaya.

Mjomba alikuwa kitandani, haoni tena.

"Jina lipo?"

Mimi niliyekuwa nikipiga kelele kwenye vikao vya chuo kwamba mfanyakazi aambiwe ukweli wote, hata ukiuma, nilimtazama yale macho meupe.

"Lipo, mjomba."

"Linasemaje?"

"Mbao zote, kazi ya fundi Huseni Likwata, Kilwa Kivinje."

Alinyoosha kidole, nikakiweka juu ya kioo cha simu. Kikateleza, tangazo likapotea.

"Soma tena," akasema.

Nikaishika simu iliyozimika, nikasoma tena.